Sura ya Mwombaji: Historia Fupi ya Insha ya Video katika Udahili

Mwaka jana kamati ya wahitimu wa shule niliyosoma sekondari ilinipa kazi ndogo. Ilitaka fomu ya kuomba ufadhili iwekwe kwenye mtandao, badala ya zile karatasi zilizokuwa zikitumwa kwa basi ndani ya bahasha. Nafasi zilikuwa 8 na waombaji walifika 41. Mjumbe mmoja alipendekeza tuongeze kipengele cha video: kila mwombaji ajirekodi kwa dakika mbili na kueleza kwa nini anahitaji msaada. Tulikubali wote, na mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Niliona ni kazi ya kiufundi tu: kuandika swali, kuweka kikomo cha muda, kuhakikisha faili linapokelewa.

Siku ya kuchagua tulianza na video, kwa sababu kutazama ni rahisi kuliko kusoma insha 41. Kijana mmoja alijirekodi mchana mbele ya ukuta mweupe. Alisimama wima, akazungumza bila kusita. Mzee wetu wa kamati akasema, "Huyu ana sura ya kiongozi." Tukatikisa vichwa, nikampa alama za juu. Aliyefuata alikuwa msichana aliyejirekodi jikoni jua likiwa limeshazama. Uso wake haukuonekana vizuri, mtoto alikuwa akilia karibu, na video ilikatika kabla ya dakika mbili kwisha. Mtu akasema, "Huyu hakujiandaa." Nikaandika hivyo hivyo.

Usiku ule neno "sura" halikunitoka kichwani. Mimi ni mwanafunzi wa historia, ninasoma Huye, na katika mji huu neno hilo lina historia yake. Insha hii imetokana na usiku huo. Nitaeleza kwanza jinsi video ilivyoingia katika udahili wa vyuo vya Amerika Kaskazini, kisha jinsi sura ya mwombaji ilivyoingia kwenye fomu karne moja iliyopita, kisha nitarudi Huye, na mwisho kwenye fomu yetu.

Insha ya video ilianza kujulikana sana katika msimu wa udahili wa 2009–2010. Tufts University, karibu na Boston, iliwaruhusu waombaji kuongeza video ya dakika moja hivi, kwa hiari yao, wakiipakia YouTube na kutuma kiungo. Kati ya waombaji zaidi ya 15,000, wapatao 1,000 walifanya hivyo. YouTube yenyewe ilikuwa imeanza mwaka 2005 tu. Tuseme basi kwamba chuo hakikubuni chombo kipya. Kilitumia kile ambacho vijana walikuwa nacho tayari mikononi.

Hatua ya pili ilikuja kutoka shule za biashara. Mwaka 2012 Rotman School of Management ya University of Toronto ilianza kutumia majibu ya video yanayorekodiwa ndani ya programu maalumu, na muda mfupi baadaye Yale na Kellogg zikafuata. Hapa mambo yalibadilika. Mwombaji wa Tufts alijitengenezea video nyumbani na aliweza kuirudia hadi aridhike. Mwombaji wa shule ya biashara alikaa mbele ya kamera bila kujua swali. Kwa Kellogg, swali lilipotokea, alipewa sekunde 20 za kufikiri na dakika moja ya kujibu. Waliotetea mtindo huu walikuwa na sababu: insha ya maandishi inaweza kuandikwa na mtu mwingine kwa malipo, lakini uso na sauti haviazimwi.

Hatua ya tatu ilikuwa ya kijasiri zaidi. Mwaka 2014 Goucher College, katika jimbo la Maryland, kilitangaza kwamba mwombaji angeweza kutuma video ya dakika mbili pamoja na kazi mbili za shule, bila nakala ya matokeo wala alama za mtihani. Mwezi Juni 2018 University of Chicago iliacha kuwalazimisha waombaji wa Marekani kuleta alama za SAT au ACT, na papo hapo ikafungua nafasi ya video ya dakika mbili ya kujitambulisha. Brown University nayo iliacha usaili uliokuwa ukifanywa na wahitimu wake, ikaweka video ya hiari mahali pake. Katika mifano hii nia ilikuwa njema: kumpa nafasi yule ambaye alama zake hazisemi yote, na yule anayeishi mbali na mhitimu wa kumsaili.

Nilipofika hapo nilitaka kuamini kwamba tatizo la kamati yetu lilikuwa taa na intaneti tu. Lakini nilipotafuta lini vyuo vya Marekani vilianza kutaka kumwona mwombaji, nilikuta habari nyingine.

Mwanzoni mwa karne ya 20, vyuo vikubwa vya mashariki ya Marekani vilichagua kwa mtihani zaidi ya kitu kingine. Aliyefaulu aliingia. Watoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya Mashariki walifaulu kwa wingi, na wakuu wa vyuo wakaona kwamba ni wengi mno. Mwaka 1919 Columbia, mjini New York, ilileta fomu ndefu iliyouliza dini ya mwombaji, mahali alipozaliwa baba yake na jina la ukoo la mama yake, na ikataka picha. Harvard ilifuata njia hiyo. Mwaka 1922 Wayahudi walikuwa zaidi ya asilimia 20 ya wanafunzi wapya wa Harvard, na rais wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, alitaka idadi yao iwekewe kikomo. Pendekezo la wazi lilipingwa. Lakini mwaka huo huo fomu ya Harvard ilianza kuuliza kama jina la mwombaji au la baba yake limebadilishwa tangu kuzaliwa, na kufikia mwaka 1926 chuo kilikuwa kikitaka picha na kutoa uzito mkubwa kwa "tabia" ya mwombaji. Hakuna aliyehitaji kutamka neno "Myahudi". Picha, jina na tabia vilitosha.

Jambo lililonishtua ni lugha iliyotumika. Vyuo vilisema vinataka kumjua mtu mzima, si alama zake peke yake. Ni maneno yale yale niliyoyaandika mimi juu ya kipengele chetu cha video: "Tunataka kukujua wewe, si matokeo yako tu." Baada ya Vita Kuu ya Pili sheria zilianza kuzuia ubaguzi huo, jimbo la New York lilipitisha sheria yake mwaka 1948.

Historia hiyo haijalala. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi dhidi ya Harvard na University of North Carolina, kwamba vyuo visitumie rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili. Mwishoni mwa Julai tovuti ya shule ya sheria ya Columbia ilionesha kwamba waombaji watatakiwa kutuma video ya sekunde 90. Watu waliuliza mara moja: je, hii si njia ya kuiona rangi bila kuiuliza? Shule ilisema maelezo hayo yaliwekwa kwa makosa, ikayaondoa. Mwaka 1919 hofu ilikuwa kwamba sura itatumika kuwafungia watu mlango; mwaka 2023 wengine walihofu kwamba itatumika kuwafungulia. Pande zote mbili zilijua kwamba anayechagua akishaona sura, hawezi kujifanya hakuiona.

Sasa nirudi Huye. Wakati wa Wabelgiji mji huu uliitwa Astrida, kwa heshima ya Malkia Astrid. Baada ya uhuru ukaitwa Butare. Hapa ndipo ilipoanzishwa, mwaka 1929, shule ya Mabruda wa Charité iliyojulikana kama Groupe Scolaire d'Astrida. Shule hiyo iliandaa wasaidizi wa utawala, wa tiba, wa mifugo na wa kilimo kwa Ruanda-Urundi yote. Kupata nafasi pale kulikuwa kupata maisha. Na nafasi nyingi zilikwenda kwa Watutsi, hasa watoto wa machifu, kwa kuwa wakoloni walishaamua nani amezaliwa kutawala. Uamuzi huo waliuegemeza kwenye sura: urefu wa mwili, umbo la pua, namna ya kusimama. Katika miaka ya 1930 waliandika kabila kwenye vitambulisho, na jambo lililokuwa likigeuka na kubadilika maishani likagandishwa kwenye karatasi.

Uhuru haukuondoa fomu ile. Uligeuza tu upande wa kusoma. Chini ya Habyarimana, sera iliyoitwa iringaniza iligawa nafasi za sekondari kwa kabila na kwa mkoa. Wazazi wetu wengi wanakumbuka mwalimu akiwaamuru wanafunzi wasimame darasani, kabila moja baada ya jingine, ili awahesabu. Tunajua yote yaliishia wapi mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, pale kitambulisho na sura vilipoamua nani avuke kizuizi cha barabarani. Baada ya hapo kabila liliondolewa kwenye vitambulisho. Mimi nilifanya mtihani wa taifa nikiwa namba. Nilipokuwa mdogo niliona namba ile inanidharau. Leo naona ilikuwa inanilinda.

Sisemi kwamba kamati ya wahitimu wa shule ni sawa na utawala wa kikoloni. Tulikuwa watu sita wenye nia njema, tukinywa chai. Ninachosema ni kwamba Mzee alipotamka "sura ya kiongozi", hakuna aliyemuuliza sura hiyo ikoje, na mimi ninayesoma mambo haya kila siku niliandika alama.

Asubuhi nilimpigia simu. Nilimwambia, "Mzee, naomba turudie kusahihisha." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimegombana na mtu. Nilimsimulia habari za Columbia na za Astrida. Akajibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimamishwa darasani. Rudieni."

Tulifunika majina, tukasoma insha za maandishi kwanza, kila insha na wasomaji wawili. Kijana wa ukuta mweupe alibaki katika orodha, kwa kuwa insha yake ilikuwa nzuri kweli. Msichana wa jikoni alipanda kutoka nafasi ya 11 hadi ya 6. Kisha tukatazama video, safari hii baada ya alama kufungwa, tukitafuta habari tu. Ndipo nilipoona kile ambacho sote tulikikosa mara ya kwanza: nyuma yake, kwenye ubao wa mlango, kulikuwa na hesabu zilizoandikwa kwa chaki. Alikuwa akiwafundisha wadogo zake. Katika insha yake hakulitaja jambo hilo, labda kwa sababu kwake halikuwa jambo.

Kwa hiyo video si adui. Bila video nisingeuona mlango ule. Lakini anayeandaa fomu ya namna hii anafanya kazi ya historia hata kama anadhani anabonyeza vitufe. Kila kitufe ni uamuzi: swali lijulikane mapema au la, kurudia kuruhusiwe au la, nani atazame na lini. Mwaka huu fomu yetu imebadilika. Swali linatolewa wiki mbili kabla. Mwombaji anaweza kurudia mara tatu, na anaweza kutuma sauti peke yake. Video yenye ubora mdogo inapokelewa, maana dakika mbili za simu kwa ubora wa 1080p zinaweza kupita megabaiti 200, na kwa familia nyingi hiyo ni fedha ya chakula. Video haina alama. Inafunguliwa mwisho, na mtazamaji huandika alichosikia na alichojifunza, si alivyomwona mwombaji.

Kwa kuhitimisha, historia niliyoieleza hainiambii kwamba sura ya mtu ifichwe daima. Inaniambia kwamba mara nyingi sura iliingizwa kwenye fomu kwa maneno mazuri, na kwamba aliyeumia hakuambiwa sababu. Msichana yule sasa yuko mwaka wa kwanza chuoni. Hajui kwamba kwa siku moja alikuwa wa 11, na kwamba karibu na jina lake niliandika "hakujiandaa". Karatasi ile ninayo bado. Nimeihifadhi pamoja na madaftari yangu ya historia.