Takriban: neno la anayekadiria

Maelezo ya Kiingereza kuhusu milima ya Rungwe hayakosi neno approximately: liko kwenye kimo cha mlima, kwenye umri wa ziwa, hata kwenye miaka iliyopita tangu volkano ilipolipuka. Wafasiri wetu huliita takriban, na wako sahihi. Tatizo ni kwamba wengi hulitumia kama pambo la sentensi, ilhali lina kazi. Linamwambia msomaji kwamba namba anayopewa imekadiriwa, na kwamba ukweli unaweza kuwa juu yake kidogo au chini yake kidogo.

Kwa asili, maneno haya mawili yamepita njia moja. La Kiingereza lina chimbuko katika Kilatini, kwenye proximus, yaani kilicho karibu zaidi. Takriban ni la Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kusogea karibu. Mzizi huohuo umetupa karibu tunayomwambia mgeni mlangoni, na akraba, yaani ndugu wa karibu. Tanzania Bara wengi huongeza irabu wakasema takribani, kwa kuwa Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu. Maumbo yote mawili yanatumika.

Rungwe inafaa sana kulipima neno hili, kwani makadirio yake hayalingani uzito. Wanajiolojia husema mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe ulitokea takriban miaka 4,000 iliyopita. Wameyasoma matabaka ya mawe mepesi yenye matundu yaliyotapakaa wilayani Rungwe, pamoja na tope la maziwa. Tope la Ziwa Masoko, lililo ndani ya kreta, limehifadhi kumbukumbu ya hali ya hewa ya takriban miaka 45,000. Mlima Kiejo, jirani ya Rungwe, ulimwaga lava mara ya mwisho takriban miaka 200 iliyopita, na hapo tunategemea masimulizi ya wenyeji. Neno ni lilelile, lakini kosa la miaka 50 si kitu kwa Masoko, na kwa Kiejo ni robo ya hesabu nzima. Kwa hiyo mwandishi makini haachi takriban peke yake. Anataja pia makadirio yamepatikanaje.

Sokoni Tukuyu, mji wa wilaya hiyohiyo ya Rungwe, neno takriban hutalisikia sana. Muuza ndizi atasema mkungu una kilo ishirini hivi. Dereva atasema Mbeya ni kama saa moja na nusu. Hivi, kama na kiasi cha ni maneno ya mazungumzo. Takriban ni la maandishi na taarifa ya habari. Yapata nalo hupenda kuandamana na muda: yapata miaka 200 sasa.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni kulibandika kwenye namba kamili. “Takriban mita 2,961” inajipinga, maana aliyefikisha hesabu hadi mita moja ya mwisho hakadirii tena. Andika takriban mita 2,960, au takriban 3,000 ikiwa msomaji hahitaji zaidi. La pili ni kulirundika: “takriban kama watu mia tatu hivi” inakadiria mara tatu. La tatu ni kuliunganisha na zaidi ya. Takriban linaruhusu pande zote mbili, zaidi ya linaruhusu upande mmoja tu, na msomaji hajui ashike lipi.

Kiswahili kina maneno ya kuonyesha upande. Ukijua idadi imepita kidogo, sema mia tatu na ushei. Ukijua haijatimia, sema karibu mia tatu. Takriban libaki kwa yule asiyejua upande lakini anajua hayuko mbali. Mwenye hesabu kamili mkononi aiandike ilivyo, na neno hili aliache.