Vijidudu rafiki katika lishe ya samaki: Anayopaswa kujua mfugaji wa Itumbe

WAFUGAJI wa samaki katika vilima vya Itumbe na kwingineko Kisii na Nyamira wanaijua vyema hesabu moja inayowakosesha usingizi: zaidi ya nusu ya gharama ya kumlea samaki hadi afike sokoni huishia katika chakula. Chakula hicho kikiliwa bila kuwa nyama, au samaki wakianza kuelea wakiwa wafu wiki chache kabla ya kuvuliwa, mkulima hupoteza jasho la miezi minane na zaidi.

Ni kutokana na hofu hiyo ambapo wauzaji wa pembejeo wamepata soko la unga unaoitwa probiotiki. Mfugaji huelezwa kwamba akiuchanganya na chakula, samaki watakua haraka na hawatapatwa na maradhi. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli. Sehemu nyingine ni maneno ya biashara.

Probiotiki ni vijidudu hai, hasa bakteria na hamira, ambavyo hupewa mnyama kwa kiasi cha kutosha ili vimfae kiafya. Maana hiyo ndiyo iliyokubaliwa mwaka wa 2001 na wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo Duniani (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO). Neno la kuzingatiwa hapo ni "hai". Vijidudu vilivyokufa ndani ya pakiti haviwezi kufanya kazi inayoelezwa hapa.

Wazo lenyewe lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwanasayansi mzaliwa wa himaya ya Urusi, Élie Metchnikoff, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba bakteria wanaochachusha maziwa huenda wakawapunguza wale wabaya walio tumboni mwa binadamu. Kwa samaki, majaribio ya kwanza yaliyonakiliwa yalifanyika nchini Japani katika miaka ya 1980. Msukumo mkubwa ulikuja baadaye, pale mataifa yalipoanza kuhofia usugu wa viini dhidi ya dawa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006, na watengenezaji wa lishe wakalazimika kutafuta njia nyingine.

Msomaji wa Gusii hahitaji kwenda Paris kuelewa jambo hili. Amabere amaruranu, maziwa yaliyogandishwa ambayo huliwa kwa ugali wa wimbi, huchachushwa na bakteria wa jamii hiyo hiyo, na watafiti wamekwisha kuwatenga na kuwatambua bakteria na hamira zilizomo. Hata hivyo, asije mtu akamimina kibuyu cha maziwa kidimbwini. Maziwa huoza, uozo hula hewa ya oksijeni iliyo majini, na samaki hukosa pumzi kabla ya jua kuchomoza.

Katika lishe ya samaki, aina tatu ndizo zinazotajwa sana. Ya kwanza ni Bacillus, hasa Bacillus subtilis. Ya pili ni Lactobacillus, walio ndugu wa bakteria wa maziwa mala. Ya tatu ni Saccharomyces cerevisiae, yaani hamira ile ile ya mikate. Tofauti kati yao si ya majina tu. Bacillus hujifunika kwa ganda gumu na kulala humo, hivyo hustahimili joto na ukavu. Lactobacillus hana kinga hiyo. Mashine ya kutengeneza tembe za chakula ikipita nyuzi 80 za Selsiasi, wengi wao hufa. Kwa sababu hiyo, unga wenye Lactobacillus hufaa kupakwa kwenye tembe zilizokwisha kupoa, ukiwa umekorogwa katika maji kidogo au mafuta ya kupikia, kisha chakula kikaanikwa kivulini na kutumiwa mapema.

Vikifika tumboni, vijidudu hivi hufanya kazi kadhaa kwa pamoja. Hushika nafasi kwenye ukuta wa utumbo na kula chakula ambacho viini vya maradhi vingekula. Baadhi hutoa asidi na kemikali zinazovidhuru viini hivyo. Bacillus hutoa vimeng'enya vinavyosaidia kuvunja protini, wanga na mafuta, jambo lenye maana kubwa kwa mkulima anayelisha pumba za mchele, pumba za ngano na mashudu ya pamba, ambazo tilapia na kambare huzisaga kwa shida. Vilevile, huamsha kinga ya mwili wa samaki. Majaribio mengi ya tilapia yameonyesha kwamba waliopewa probiotiki hufa kwa idadi ndogo zaidi wanapoambukizwa bakteria kama Aeromonas hydrophila au Streptococcus.

Lakini matokeo hayalingani kutoka mahali pamoja hadi pengine, na hapa ndipo mfugaji wa nyanda za juu anapopaswa kuwa makini. Majaribio mengi hufanyiwa katika matangi yenye maji ya vuguvugu. Tilapia hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 26 na 30. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya chemchemi na vijito vya huku huwa baridi kuliko hayo. Samaki hana joto lake mwenyewe. Utumbo wake huwa na joto la maji anamoogelea. Maji yakiwa baridi, samaki hula kidogo, na bakteria aliyemezwa naye huzaana polepole. Si ajabu basi kwamba bidhaa iliyosifiwa kando ya Ziwa Victoria au Misri ikaonekana dhaifu Itumbe.

Kuna jambo la pili la milimani. Vidimbwi vingi huchimbwa kwenye miteremko, maji yakiingia juu na kutoka chini mfululizo. Zipo probiotiki zinazouzwa ili zimwagwe majini, zisafishe kidimbwi kwa kumeng'enya kinyesi na mabaki ya chakula. Katika kidimbwi cha namna hii, pesa hizo huteremka na kijito hadi kwa jirani. Afadhali vijidudu vipitie kinywani mwa samaki.

Je, zinalipa? Tuchukue kidimbwi cha mita 300 mraba chenye vifaranga 1,000, kipimo kilichoenea nchini tangu Mpango wa Kufufua Uchumi wa mwaka wa 2009, ambapo serikali ilipanga vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Tuseme samaki 800 wanafika mwisho, kila mmoja akiwa na gramu 250. Hizo ni kilo 200 za samaki. Ikiwa kila kilo ya samaki imegharimu kilo mbili za chakula, mkulima ametumia kilo 400. Probiotiki ikishusha kipimo hicho hadi kilo 1.8, ametumia 360, na ameokoa kilo 40. Bei ya kilo hizo 40 ndiyo ya kulinganishwa na bei ya unga wote uliotumika msimu mzima. Ukiipita, faida iko kwa muuzaji, isipokuwa samaki waliookolewa na kifo wazibe pengo.

Kabla ya kununua, soma pakiti. Iwe na jina kamili la kijidudu, idadi ya vijidudu hai kwa kila gramu, tarehe ya kuharibika na maelezo ya kuhifadhi. Kiasi kinachotumiwa sana katika utafiti ni kati ya vijidudu milioni moja na milioni 100 kwa kila gramu ya chakula. Pakiti iliyoandikwa "bakteria wazuri" pekee, tena ikaning'inizwa dirishani mwa duka penye jua, haifai kununuliwa. Aidha, usichanganye probiotiki na viuavijasumu kwa wakati mmoja, kwani dawa haichagui bakteria wa kuua. Maji ya mfereji yenye klorini nayo huviua vijidudu yakitumiwa kuvikorogea.

Yapo pia yasiyotibika kwa njia hii. Msongamano wa samaki, chakula chenye ukungu, maji yasiyo na oksijeni na vifaranga dhaifu havirekebishwi na unga wowote. Virusi vya tilapia, vilivyotangazwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa Israeli mwaka wa 2014 na baadaye kugunduliwa katika samaki wa Ziwa Victoria, havina tiba. Na kwa walaji wanaonong'ona sokoni kwamba samaki wa vidimbwi "wanapigwa dawa": probiotiki si homoni. Homoni ya kugeuza vifaranga wawe madume hutolewa katika vituo vya kutotolesha, katika wiki chache za mwanzo wa maisha yao, nayo ni habari nyingine kabisa.

Mwenye vidimbwi viwili anaweza kujaribu mwenyewe. Aweke vifaranga wa umri mmoja, idadi moja na chakula kimoja katika vyote, probiotiki ikiwa katika kimoja tu. Kila wiki mbili apime uzani wa samaki 30 kutoka kila upande, na aandike kila kilo ya chakula na kila samaki aliyekufa. Daftari hilo anaweza kulipeleka kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, au katika kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha Kegati, kilichoko Kisii chini ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi Nchini (KMFRI), ili asaidiwe kuyasoma matokeo kabla ya kununua pakiti nyingine.