Alama za Liège na Utambuzi wa Watengenezaji wa Magobori ya Pwani ya Tanga
Mtafiti anayeoneshwa gobori la kale Ngamiani, na kuelezwa kwamba lilitumika katika vita vya Abushiri vya mwaka 1888–1889, hana budi kutofautisha muuzaji na mtengenezaji. Jina lililochorwa ubavuni huweza kuwa la mfanyabiashara aliyeliagiza tu. Ushahidi madhubuti zaidi umo katika mtutu: herufi ELG ndani ya umbo la yai ni alama ya ukaguzi ya Liège, Ubelgiji, ilhali herufi za karakana hutafutwa upande wa chini, unaofunikwa na mbao. Taji liliongezwa juu ya alama hiyo mwaka 1893. Kwa hiyo, gobori lenye taji linaipinga simulizi hiyo, isipokuwa ibainike kwamba lilikaguliwa upya. Kukosekana kwa taji nako hakuithibitishi. Kunaruhusu tu uchunguzi uendelee.