Fyuzi Iliyo Ndani ya Plagi

Nyumba zikiungua Nairobi, taarifa ya habari huwa na maneno matatu tayari: hitilafu ya umeme. Yakishatamkwa, maswali yanaisha. Hakuna anayeuliza ni hitilafu gani, ilianzia wapi, na kwa nini hakuna kitu kilichokata stima kabla pazia halijashika moto. Mimi huuliza, labda kwa sababu nilisomea umeme mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda. Swali hilo limenifikisha London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kamati ya watu 20 waliokaa kujadili plagi.

Turudi nyuma kidogo kwanza. Taa za umeme zilipoanza kuingia majumbani, hofu kubwa ya wahandisi haikuwa mtu kurushwa na stima. Ilikuwa moto. Mwaka 1882 chama chao huko London kilitoa kanuni za kwanza za kuweka nyaya, na hata jina la kanuni hizo lilitaja hatari ya moto. Zimeandikwa upya mara nyingi tangu hapo. Fundi wa hapa Kenya akikwambia kazi yake inafuata "IEE," anazungumzia vitukuu vya karatasi hiyo.

Fyuzi nayo ilikuwa imeshabuniwa. Thomas Edison alipata hataza ya waya wa kinga mwaka 1880. Wazo lenyewe ni rahisi hadi linachekesha: weka kipande dhaifu makusudi, ili mambo yakizidi kiyeyuke chenyewe na njia ya stima ikatike.

Kila waya hupata joto stima ikipita ndani yake. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne, na hapo ndipo wengi hatuelewi. Ekstensheni yenye birika la wati 2,000, ukiichomekea na pasi ya 1,200, haipati joto kidogo zaidi. Inaruka. Plastiki inalainika, nyaya mbili zinagusana, na godoro liko hapo kando, maana bedsita ni bedsita.

Sasa ile kamati. Uingereza ilikuwa imepigwa mabomu, nyumba nyingi zingejengwa upya, na shaba ilikuwa adimu. Kati ya wale 20 kulikuwa na mwanamke mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, aliyeongoza chama cha wanawake cha mambo ya umeme. Wakati huo plagi za Waingereza zilikuwa za pini za duara, saizi mbalimbali, na ilikuwa kawaida soketi kubwa kupewa waya wake kutoka kwa boksi la fyuzi. Shaba nyingi mno. Ripoti iliyotoka 1944 ikapendekeza mduara: waya mmoja utoke kwa boksi, upitie soketi zote, kisha urudi pale pale ulikotoka.

Shida ni kwamba waya unaolisha soketi zote unahitaji fyuzi kubwa, ampea 30. Waya mwembamba wa taa ya mezani unaweza kuungua kabisa kabla fyuzi hiyo haijahisi chochote. Ndiyo maana wakaihamisha sehemu ya ulinzi kutoka ukutani na kuiweka ndani ya plagi yenyewe. Kila kifaa kikaja na mlinzi wake. Kiwango hicho, BS 1363, kilichapishwa 1947, na ndiyo plagi ya pini tatu bapa unayochomeka kila asubuhi.

Pini ya juu ni ndefu kuliko zile mbili za chini kwa sababu nzuri. Inaingia kwanza na kufungua vilango vilivyo ndani ya soketi, ili mtoto asiweze kuingiza msumari au waya kwenye matundu yenye stima. Sisi tumegundua kwamba hata biro inavifungua. Nani hajawahi kuchokoa tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie?

Stima yenyewe ilitufikia kabla ya plagi hiyo. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alichukua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar na kuileta Mombasa. Ukoloni ukatuachia mfumo wa Kiingereza. Ukienda Rwanda au Burundi, walikotawala Wabelgiji, unakuta pini mbili za duara, na ile plagi haina fyuzi. Huko si kosa, kwa sababu ulinzi umebaki ukutani, kwenye breka ndogo za ampea 16 au 20. Ukiichukua plagi hiyo na kuichokolea kwa biro kwenye mduara wa ampea 30 wa Nairobi, umechanganya mifumo miwili na kupoteza kinga za yote mawili.

Mwezi uliopita nilichukua bisibisi nikafungua plagi zangu tano zinazofunguka. Mbili zilikuwa na fyuzi nzima. Mbili zilikuwa na fyuzi ya ampea 13 kwenye waya wa taa na wa redio, ambao unatosheka na 3. Moja, ya hita niliyonunua mtumba, ilikuwa imefungwa foili ya sigara. Fundi aliyefanya hivyo alijua fyuzi inakaa wapi, na alijua imekatika. Foili haikatiki kwa ampea 13. Sijui hata ingekatika kwa ngapi.

Fyuzi ya 3, ambayo huwa nyekundu, inabeba kama wati 700. Ya 13, kahawia, inabeba kama 3,000. Waya ukiushika na una joto, au plagi imeanza kuwa kahawia kando, hiyo si ya kusubiri mwisho wa mwezi. Na birika, pasi na hita zichomekwe moja kwa moja ukutani.

Hayo yanasaidia mwenye ukuta. Kwenye stima ya sambaza, ambako waya unapita juu ya mabati kutoka nyumba hadi nyumba bila boksi wala breka, plagi ndiyo mahali pekee penye nafasi ya kuweka fyuzi. Na plagi zinazouzwa huko ndizo za bei ya chini kabisa. Nyingine ukizifungua unakuta kipande cha shaba tu.