Uzi wa Pamba katika Nyumba ya Askari: Historia ya Kitambaa cha Mkono kwenye Mwambao wa Bagamoyo

Kwenye mwambao unaoanzia Kunduchi na kupita Mbegani na Kaole hadi Bagamoyo mjini, pamba ya karne ya 19 ilikuwa fedha kabla ya kuwa kazi ya mikono ya akina mama. Ufundi wa kusokota uzi ulikuwapo pwani tangu zamani, kwani katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilitumiwa kama uzito wa pia ya kusokotea, na Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alitaja vitambaa vya mji huo vilivyosafirishwa hadi Misri. Lakini merekani, yaani kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa ambacho wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikileta Unguja kwa wingi tangu miaka ya 1830, pamoja na kaniki ya India iliyotiwa nili, viliufifiza ufundi huo kwa kiasi kikubwa. Vitambaa hivyo vilipimwa kwa shuka na kwa doti, ambayo ni shuka mbili, na kwa vipimo hivyo wapagazi walipewa posho, watawala wa njiani walilipwa hongo, na askari, neno ambalo wakati huo lilimaanisha mlinzi wa msafara mwenye bunduki, alipata ujira wake. Kwa hiyo nyumba ya mtu wa silaha na kipande cha pamba vilikwisha kufungamana kabla serikali yoyote ya kikoloni haijapandisha bendera yake pwani.

Askari wa serikali, aliyeandikwa daftarini na kupewa sare, alifika mwaka 1889, wakati Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani kuuzima upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Kiini cha jeshi lake kilikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na wengi wao hawakuja peke yao bali na wake na watoto, jambo lililoupa mji wa Bagamoyo, uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, mtaa wa aina mpya: familia zilizoishi chini ya kivuli cha boma, zikihama kila jeshi lilipohama. Wanawake hao walipika, walibeba mizigo na kufuata safari za vita. Upande wa pili wa mji kulikuwa na misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako masista waliwafundisha kushona wasichana waliokombolewa utumwani. Makundi haya mawili ya wanawake wageni, moja la boma na jingine la misheni, yalikaa karibu, lakini itakuwa haraka mno kudai kwamba ufundi wa misheni ulivuka moja kwa moja hadi nyumba za askari. Wateja wa kwanza wa mshono wa misheni walikuwa misheni yenyewe na waumini wake.

Kilichowaleta wanawake na uzi wa askari mahali pamoja, tena kwa nguvu, ni Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la majini la Uingereza lilizuia bandari za koloni la Wajerumani, shehena za nguo zikakoma, na koloni lililokuwa na mashamba ya pamba likajikuta halina shuka ya kumvika askari wake. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi hilo, amesimulia katika kumbukumbu zake jinsi kusokota na kufuma kwa mkono kulivyofufuliwa katika misheni, mashamba na karakana, ambako walifanya kazi wanawake wa Kizungu na wenyeji ambao ufundi wa zamani ulikuwa haujawatoka. Maelezo yake ya rangi ndiyo yanayostahili kukumbukwa zaidi: uzi uliofumwa ulichovywa katika maji ya mizizi iitwayo ndaa, ukatoka na rangi ya manjano iliyokolea hudhurungi, rangi ambayo ilimficha askari ndani ya nyasi kavu na vichaka kuliko kitambaa cheupe. Bagamoyo yenyewe ilitekwa na Waingereza Agosti 1916, lakini wake wa askari waliendelea kutembea na safu ya Lettow-Vorbeck hadi iliposalimu amri huko Abercorn mnamo Novemba 1918. Kuiita kazi hiyo zawadi ni kuipamba kupita kiasi, maana sehemu yake kubwa ilikuwa amri ya wakati wa vita. Hata hivyo iliacha ushahidi kwamba nchi ilikuwa na mikono ya kutosha, na kwamba kilichopungua ni sababu ya kuitumia.

Sababu hiyo ilipatikana kwa njia tulivu zaidi chini ya Waingereza, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, katika kambi za King's African Rifles, jeshi ambalo Watanganyika walilijua kwa kifupi cha KAR. Wake wa maofisa Waingereza waliendesha vikundi vya wake wa askari, vikifundisha usafi, mapishi, kushona na kufuma kwa sindano, na mafunzo ya namna hiyo yalitolewa pia kwa raia katika vilabu vya maendeleo vya miaka ya 1950. Kambi iliyokuwa karibu zaidi na mwambao huu ilikuwa Colito, kando ya barabara ya Bagamoyo, iliyopewa jina la mapigano ya mwaka 1941 huko Ethiopia, na ambayo baada ya uhuru iliitwa Lugalo kwa kumbukumbu ya ushindi wa Wahehe dhidi ya Wajerumani mwaka 1891.

Mafunzo yaliyobuniwa kwa ajili ya jiko la Kiingereza hayakulikuta jiko hilo pwani. Kitambaa cha kufutia vyombo, ambacho katika nchi za baridi hufumwa kwa pamba kwa sababu hunyonya maji na hustahimili kuchemshwa, hakikuwa na kazi kubwa mahali ambapo sufuria zilisuguliwa kwa makumbi ya nazi na majivu, kisha zikapangwa kwenye kichanja, yaani jukwaa la fito la nje ya jiko, zikaushwe na jua. Sufu nayo, uzi wa manyoya ya kondoo uliofaa Kilimanjaro na nyanda za juu, ilikuwa mzigo tu katika joto la Mbegani, isipokuwa kwa kofia na soksi za mtoto mchanga. Wanawake wa pwani walichukua ufundi, wakaacha matumizi: kitambaa kikapanda kutoka kwenye beseni la vyombo hadi mezani, kikafunika sinia, mtungi wa maji, redio na mgongo wa kochi.

Kwa kazi hiyo sindano moja ya kulabu, yenye ncha iliyopinda, ilifaa kuliko sindano mbili. Mfumaji huanza katikati kwa kiduara kidogo cha vitanzi, akakizunguka duru baada ya duru, akiacha matundu kwa mpango, na mwishoni hutia wanga, yaani uji mwepesi wa unga wa muhogo, ili ukingo usimame. Jicho la mwanamke wa pwani lilikuwa limeshazoea urembo wa matundu, kwani kofia ya mkono ya mwanamume, ambayo mke au mchumba aliishona kwa miezi, hupambwa kwa vitobo vilivyozungushiwa uzi. Uzi wenyewe haukuwa mgeni hata kwa wanaume, maana kabla ya nailoni kuenea, jarife, wavu wa samaki wakubwa kama papa, lilisukwa kwa pamba, na wavuvi walikaa ufukweni wakifunga fundo kwa fundo.

Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithi KAR baada ya uhuru, waliasi Colito mnamo Januari 1964, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa Septemba 1 mwaka huo. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioanzishwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, ulirithi madarasa ya ufumaji pamoja na lawama kwamba yalimfundisha mwanamke kupamba nyumba badala ya kumpa kipato. Lawama hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba katika maisha ya kambi kitambaa kilifanya kazi ambayo fedha haikuifanya vizuri. Askari huhamishwa kwa amri, na mkewe huacha majirani kila baada ya miaka michache. Zawadi inayomfaa ni ile inayokunjika, isiyovunjika ndani ya sanduku, na inayoonyesha saa ambazo mtoaji alizitumia kwa ajili yake. Wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wananchi walichangia jeshi ng'ombe, chakula na fedha, michango iliyohesabiwa na kutangazwa, ilhali kitambaa kilichopelekwa kwa mke aliyebaki na watoto hakikupita mezani kwa katibu yeyote.

Uhaba uliofuata vita hivyo uliigusa sindano pia, kwa kuwa uzi mzuri ulitafutwa kwa shida kama sabuni na kanga. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, uzi wa viwandani usio wa pamba ulijaa madukani kwa rangi kali na bei nafuu, na seti ya vitambaa vya makochi ikawa bidhaa ya kuagizwa na zawadi ya kumtunzia bibi harusi, awe anaolewa na askari au na mvuvi. Pamba ya Shinyanga na Simiyu, kwa sehemu kubwa, husafirishwa nje ikiwa bado nyuzi ghafi, na mfumaji wa Bagamoyo anayetaka uzi wa pamba tupu hulazimika kuutafuta Kariakoo na kuulipia zaidi.