Anwani ya Nani?

Mwambie dereva wa bodaboda pale Kariakoo, "Nipeleke nyumba namba 12," naye atakuuliza: mtaa gani? Namba ni sahihi, ila peke yake haimfikishi mtu popote.

Swali hilohilo humkwamisha mwanafunzi anayeandika moduli ya kiini cha Linux kwa mara ya kwanza. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayoshika vifaa vyote na kugawa kumbukumbu. Moduli ni kipande cha programu kinachopakiwa ndani yake. Mwanafunzi anataka kusoma kumbukumbu ya mchakato mwingine, yaani programu nyingine inayoendeshwa. Anwani ya data anayo, mchakato wenyewe umeichapa kwenye skrini. Anaikabidhi kwa funksheni ya copy_from_user, na kinachorudi ni takataka, au ujumbe kwamba anwani ni mbaya. Anaihakiki tarakimu kwa tarakimu, haina kosa.

Kosa ni kwamba hakusema anwani ni ya nani. Kichakataji hakiendi na namba hiyo moja kwa moja kwenye RAM. Huitafsiri kwanza kwa majedwali ya kurasa, na kila mchakato una majedwali yake. Ukurasa ni kipande kimoja cha kumbukumbu: katika vichakataji vya x86-64 ukurasa wa kawaida una baiti 4,096, na rejista iitwayo CR3 ndiyo inayoonyesha ni majedwali ya nani yanayotumika sasa hivi. Copy_from_user husoma kwa majedwali ya mchakato ulio kazini wakati huo, ambao mara nyingi ndio ulioiita moduli. Namba 12 imetafutwa mtaa usio wake.

Kwa Kiingereza anwani ya namna hii huitwa virtual address, na hapo ndipo mfasiri anapojikwaa. Ni rahisi kusema "anwani pepe", kwa kufuata barua pepe. Lakini katika barua pepe neno hilo limeshabeba maana ya kielektroniki, na ndani ya kompyuta ni kipi kisicho cha kielektroniki? "Anwani dhahania" nayo inadai kwamba kitu kimo akilini tu, ilhali programu huandika humo na kusoma ilichoandika. Maneno yote mawili yanajibu kama anwani ni ya kweli. Swali hilo lilikuwa na uzito Manchester mwaka 1962, pale kompyuta ya Atlas ilipoifanya ngoma yake ya sumaku na kumbukumbu yake kuu zionekane kwa programu kama hifadhi moja. Kwa mwandishi wa moduli leo, jambo zito ni umiliki.

Kwa hiyo mimi napendekeza "anwani ya mchakato", ikitofautishwa na "anwani ya RAM". Istilahi hii inakulazimisha kuuliza: mchakato upi? Ndivyo inavyodai hata funksheni sahihi ya kazi hii, access_process_vm: unaipa mchakato kwanza, anwani baadaye. Nayo hushikilia ramani ya kumbukumbu ya mchakato huo isibomolewe katikati ya kusoma, na ukurasa uliohamishiwa diski hurudishwa kwanza.

Lakini funksheni hiyo haikuulizi una ruhusa gani. Tangu Linux 3.2, mwaka 2012, programu ya kawaida inaweza kutumia process_vm_readv, na hapo kiini hukagua kwanza kama mwombaji anaruhusiwa. Namsihi kila mwanafunzi aanzie huko, kwa sababu kumbukumbu ya mchakato ndimo zinamopita nywila na barua za watu.

Kuna ushahidi mmoja ulionifanya niing'ang'anie istilahi hii. Maktaba ya C hutumiwa na karibu kila programu ya Linux, na ukurasa wake wa msimbo huwekwa mara moja tu katika RAM. Anwani yake ya RAM ni moja. Anwani zake za mchakato ni nyingi, kwa kuwa kila mchakato una yake, na kwa kawaida hazifanani.