Rangi ya Nguo za Mwamuzi wa Mpira

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulitazama mara kwa mara wala wasilitie moyoni, nalo ni nguo avaayo mwamuzi wa mchezo wa mpira, yule ambaye vijana humwita refa. Watu wengi hudhani kwamba rangi ya nguo ile ni pambo tu, au ni alama ya ukubwa kama joho la hakimu. Sivyo. Rangi ile ina historia yake, tena ina kazi yake katika mchezo, na kazi hiyo isipofanyika mchezo wenyewe huharibika.

Yatupasa kukumbuka kwamba hapo mwanzo mpira haukuwa na mwamuzi kabisa. Kanuni zilizoandikwa London mwaka 1863, kilipoundwa Chama cha Mpira cha Uingereza, hazikumtaja mwamuzi hata kwa neno moja. Ilidhaniwa kwamba mtu muungwana akikosea atakiri mwenyewe. Dhana hiyo ilikuwa njema, lakini haikudumu, maana vikombe vilipoanza kushindaniwa uungwana ulipungua. Basi kila upande ukaleta msimamizi wake, na hao wawili wasipopatana walimwendea mtu wa tatu, aliyesimama nje ya mstari na saa yake mkononi. Huyo ndiye babu wa refa wetu. Mtu asimamaye nje hahitaji nguo za kukimbilia, kwa hiyo alivaa kama walivyovaa watazamaji wenye heshima, koti na tai. Mwaka 1891 kanuni zikabadilishwa. Yule wa tatu akaingizwa ndani ya uwanja na kupewa mamlaka yote, na wale wawili wakatolewa nje wakawa washika bendera. Lakini juu ya nguo hapakusemwa neno, naye akaingia uwanjani na koti lake.

Miaka karibu 40 baadaye hali ilikuwa ile ile. Tarehe 30 Julai 1930, katika mji wa Montevideo, Uruguay na Argentina zilicheza mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia la kwanza. Mwamuzi alikuwa Mbelgiji, John Langenus. Ukizitazama picha za siku ile utamwona amesimama kati ya manahodha wawili amevaa koti na tai, na suruali fupi pana zilizofungwa chini ya magoti kama za wachezaji wa gofu. Ungedhani ni karani aliyepita njia akaombwa kushika filimbi. Walakini huyo ndiye aliyeamua ugomvi wa mipira siku ile, maana kila upande ulitaka mpira wake utumiwe. Ikawa nusu ya kwanza wakacheza kwa mpira wa Argentina na nusu ya pili kwa mpira wa Uruguay. Uruguay ikashinda kwa mabao 4 kwa 2.

Waliobadilisha mambo haya walikuwa walimu wa shule, na hapo sisi tulio katika kazi hiyo twaweza kujivunia kidogo. Wa kwanza ni Stanley Rous, aliyekuwa mwalimu katika mji wa Watford. Aliamua mchezo wa mwisho wa Kombe la Uingereza mwaka 1934, kisha mwaka huo huo akawa katibu wa Chama cha Mpira, na mwaka 1938 akaziandika upya kanuni zote kwa maneno machache yenye kueleweka. Yeye ndiye aliyewafundisha waamuzi kukimbia kwa kukata uwanja pembe kwa pembe, ili mchezo uwe daima kati yake na mshika bendera. Kukimbia hivyo kwa dakika 90 na koti mwilini ni taabu, na makoti yakaachwa polepole. Wa pili ni Ken Aston, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkuu. Aliporudi kutoka vitani mwaka 1946 alivaa nguo nyeusi zenye ukosi na mikunjo myeupe, na mavazi hayo yakawa desturi ya waamuzi ulimwenguni kwa muda wa karibu miaka 50.

Kwa nini nyeusi? Makoti ya zamani yalikuwa ya rangi nzito, na timu zilizocheza kwa fulana nyeusi zilikuwa chache mno. Basi nyeusi ilikuwa rangi isiyo na mwenyewe uwanjani, na hiyo ndiyo sababu kubwa. Ilipotokea kwamba timu moja imevaa rangi ya giza mno, mwamuzi aliiacha nyeusi akavaa nyingine, aghalabu nyekundu, wala heshima yake haikupungua.

Hapa tukae kidogo. Mchezaji aliye na mpira miguuni hana nafasi ya kutazama nyuso. Huinua macho kwa muda mfupi kuliko kupepesa kope, kisha hupiga. Katika muda ule hakioni kichwa wala mguu wa mwenzake, huona rangi tu. Akiona rangi yake pembeni, hupeleka mpira huko. Kama rangi ile ni ya mwamuzi, mpira umepotea, na labda bao limekwisha fungwa upande wa pili. Nanyi mlio vijijini mwalijua hili bila kufundishwa, maana pasipo fulana za kutosha upande mmoja huvua mashati na wa pili hubaki nayo. Mwalimu akiingia kuamua na shati lake jeupe, huwa ni mtu wa 12 wa upande wenye mashati, apende asipende. Tena si mchezaji tu. Golikipa naye, tangu mwaka 1909, alitakiwa na Waingereza kuvaa rangi iliyo mbali na wenzake, ili mwamuzi ajue ni mikono ya nani iliyougusa mpira katikati ya kundi.

Aston hakuishia kwenye shati. Bendera za washika mstari zamani zilikuwa za rangi ya timu yenye uwanja, nazo katika ukungu wa Uingereza hazikuonekana. Mwaka 1947 akaleta za manjano iliyokolea. Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Tarehe 23 Julai 1966, katika uwanja wa Wembley, Uingereza ilicheza na Argentina. Mwamuzi alikuwa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, naye alimtoa nje nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Rattín hakutaka kutoka. Mmoja hakujua Kihispania, mwingine hakujua Kijerumani, na mchezo ukasimama dakika nyingi. Aston, aliyekuwa msimamizi wa waamuzi katika mashindano yale, alikuwa akirudi nyumbani kwa motokaa na huku akiliwaza jambo hilo, akasimamishwa na taa za barabarani. Hapo akapata wazo kwamba manjano iwe onyo, na nyekundu iwe amri ya kutoka. Kadi hizo zilitumiwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia huko Meksiko mwaka 1970, na katika mashindano yale yote hakuna hata mchezaji mmoja aliyeonyeshwa nyekundu.

Nyeusi ilitawala mpaka televisheni ilipopata nguvu. Mwaka 1992 Waingereza walipoanzisha Ligi Kuu yao, waliwavika waamuzi kijani. Na Kombe la Dunia la mwaka 1994, lililochezwa Marekani, liliwapa rangi za kuchagua, manjano ikiwa mojawapo. Wako wazee walionung'unika kwamba refa sasa afanana na ndege wa mapambo. Sisi hatukubaliani nao. Lililobadilika ni kitambaa tu, na kanuni ya kutofautiana imebaki pale pale. Lakini tazama jinsi jambo moja lilivyovuta jingine. Nyeusi ilipoachwa na waamuzi, timu zikaitwaa, na mwaka 1993 Manchester United wakatoka na fulana nyeusi za ugenini.

Timu hiyo hiyo ndiyo iliyotupa mfano ulio wazi kupita yote. Tarehe 13 Aprili 1996 walikwenda kucheza Southampton wakiwa wamevaa rangi ya majivu. Nusu ya kwanza ilipokwisha walikuwa wamefungwa mabao 3. Wakaingia chumbani, wakavua, wakarudi wamevaa buluu na nyeupe, na mchezo ukaisha 3 kwa 1. Mkuu wao, Alex Ferguson, alisema wachezaji wake hawakuweza kuonana, kwa kuwa majivu yalichanganyika na umati uliokaa nyuma. Watu walimcheka. Lakini katika michezo 5 waliyoivaa rangi ile hawakushinda hata mmoja, na mwaka huo huo wao ndio waliolichukua kombe la ligi. Wenye kucheka na wafikiri kidogo.

Limebaki swali zito zaidi: je, rangi yaweza kupotosha jicho la mwamuzi mwenyewe? Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Frank na Gilovich, walichunguza adhabu zilizotolewa katika mpira wa Kimarekani na katika hoki ya barafuni, wakaona timu zenye nguo nyeusi zaadhibiwa kupita nyingine. Timu ya Pittsburgh ilibadili buluu kwa nyeusi katikati ya msimu, mwaka 1980, na adhabu zake zikapanda kutoka wastani wa dakika 8 kwa mchezo hadi 12. Kisha wakawaonyesha waamuzi michezo ile ile iliyopigwa picha mara mbili, mara watu wamevaa nyeupe, mara nyeusi, na waliovaa nyeusi wakahukumiwa kwa ukali zaidi. Mwaka 2008 Wajerumani walifanya jaribio kama hilo kwa waamuzi 42 wa tekwondo, ule mchezo wa Korea wa kupigana kwa mateke. Waliwaonyesha picha, kisha wakazibadili rangi kwa mashine, aliyekuwa wa buluu akawa mwekundu na mwekundu akawa wa buluu. Teke ni lile lile, mtu ni yule yule. Lakini mwekundu alipata alama zaidi kwa sehemu 13 katika 100. Waamuzi hao hawakuhongwa wala hawakuwa na chuki.

Kabla ya hapo, katika michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004, wapiganaji walipewa nyekundu au buluu kwa bahati tu, na wekundu walishinda mara 55 hivi katika kila 100. Lakini habari hii ina mwisho wa kufurahisha. Uchunguzi wa mashindano mengi hadi mwaka 2020, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba nafuu ile ya nyekundu karibu haionekani tena, na wachunguzi walidhani sababu ni kukazwa kwa kanuni za kutoa alama na kuingizwa kwa vyombo vya kuzihesabu.

Katika mpira wa miguu kanuni za siku hizi zasema kwa ufupi kwamba timu mbili lazima zitofautiane rangi, na tena zitofautiane na waamuzi. Golikipa naye atofautiane na wote. Hakuna mahali palipoandikwa neno nyeusi. Magolikipa wawili wakiwa na shati la rangi moja, wala hakuna aliye na jingine, mwamuzi huruhusu mchezo uendelee, kwa kuwa wao husimama mbali. Kwa shati la mwamuzi mwenyewe, ambaye hukimbia katikati ya wote, ruhusa kama hiyo haikuandikwa.